Ukikataliwa Chuo, Uliza Kwa Nini

Makamanda, nianze na aibu yangu. Nilimaliza shahada ya sheria mwaka jana, na wakati naendelea na mafunzo ya uanasheria kwa vitendo nikaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika vyuo viwili, kimoja Ulaya, kingine hapahapa nyumbani, cha umma. Vyote vikanitema. Cha Ulaya kiliandika mistari minne: ushindani ulikuwa mkubwa, tunakutakia kila la heri. Cha nyumbani hakikuandika hata hiyo. Nilijua nimekosa pale majina ya waliochaguliwa yalipotoka, langu halimo.

Kuhusu hiki cha nyumbani, usiku uleule nilishapata sababu. Kuna picha yangu kwenye mkutano wa hadhara, nimevaa sare za chama, ilizunguka sana mitandaoni. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Wameniona." Wote wakakubali. Nani abishe? Nchi yetu tunaijua.

Dada mmoja aliyenitangulia kwenye uwakili akaniuliza swali lililoniudhi: "Umewauliza?"

Sikuwa nimeuliza. Mimi ninayepiga kelele kila siku serikali itoe sababu za maamuzi yake, barua yangu mwenyewe niliimeza kimyakimya.

Basi nikaviandikia vyote viwili. Cha Ulaya kikajibu baada ya siku tisa: alama zinatosha, ila barua ya mdhamini mmoja ilichelewa, na maelezo yangu binafsi yanaonyesha vizuri ninachokipinga lakini hayasemi nataka kutafiti nini. Ilinichoma. Nikaisoma upya ile insha. Ukurasa mzima ni hotuba, Katiba Mpya huku, Katiba Mpya kule, swali la utafiti hata moja hakuna. (Jukwaani ingepigiwa makofi, hilo nasimamia.)

Sasa ubaya ni huu: insha hiyohiyo ndiyo niliyoipeleka chuo cha nyumbani. Kwa hiyo sijui. Huenda walinikata kwa sababu ya sare, huenda kwa sababu ya insha. Na maadamu wamekaa kimya, mwenye kubagua anajificha humo, na mimi mwenye insha mbovu najificha humohumo nikijiita mhanga.

Wanaosoma sheria ya utawala wanaikumbuka kesi ya Tanzania Air Services dhidi ya Waziri wa Kazi, ya mwaka 1996. Jaji Samatta alisema waziri alipaswa kutoa sababu za uamuzi wake hata kama sheria husika haikumtaka afanye hivyo. Haikuwa kesi ya udahili, najua, lakini kwa nini mantiki yake iishie mlangoni mwa chuo kinachoendeshwa kwa kodi zetu? Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta na kupokea habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku zisizozidi 30 kumjibu raia aliyeomba taarifa. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayokuruhusu kuomba kujua taarifa zako wanazozishika.

Ila ukiandika, andika kwa adabu na kwa ufupi. Usiombe wakufikirie upya, wala usitishie mahakama. Weka namba ya maombi, shukuru, kisha uliza kitu kimoja kinachojibika: kati ya alama, insha, wadhamini na pendekezo la utafiti, kipi kiliniangusha? Tuma mapema, faili lako likiwa bado mezani. Vyuo vingi vitakwambia havitoi maoni kwa mwombaji mmojammoja. Sawa, umepoteza nini? Kabando kadogo tu.

Chuo cha nyumbani bado hakijanijibu. Jumatatu nimepeleka ombi rasmi chini ya ile sheria ya 2016, kwa mkono, na nakala yangu imegongwa muhuri wa mapokezi. Nahesabu siku.