Uhaba wa petroli Burundi: Je, mota ya umeme inamfaa mvuvi wa Ziwa Tanganyika?

Nyamugari ni jina la kilima mkoani Gitega, na vilevile huko Muyinga, eneo ambalo tangu mageuzi ya mikoa ya 2025 limo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Kote kuwili hakuna ziwa. Hata hivyo ndagaa wakavu wanaouzwa katika masoko ya maeneo hayo hutoka Ziwa Tanganyika, na safari yao hudai petroli au dizeli mara mbili: kwanza majini, kisha barabarani. Pale mafuta yanapokosekana, mlaji wa vilimani huhisi makali yake kwenye bei ya fungu la ndagaa kabla hajasikia lolote kuhusu foleni za Bujumbura.

Foleni hizo zimekuwa sehemu ya maisha ya Burundi tangu 2021, na mwaka 2024 zilikuwa ndefu kupita kiasi. Chanzo kikuu ni upungufu wa fedha za kigeni. Nchi hununua kila tone la mafuta kutoka nje, huku mauzo yake ya kahawa, chai na madini yakishindwa kuleta dola za kutosha. Kushushwa kwa thamani ya faranga mnamo Mei 2023 hakukuziba pengo hilo. Petroli ya madumu inayovushwa kwa magendo kutoka nchi jirani huuzwa kwa bei inayozidi mara kadhaa ile rasmi.

Ni katika mazingira hayo ambapo mota ya umeme ya kupachika kwenye tezi la boti, iliyozoeleka kuonekana kama kifaa cha watalii wa Ulaya, inaanza kustahili kupigiwa hesabu. Injini ya petroli hudai dola kila wiki. Mota ya umeme huzidai siku ya kununuliwa, kisha tena baada ya miaka kadhaa betri inapochoka. Kwa nchi isiyo na dola, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kibandiko cha bei. Yamaha, ambayo injini zake za petroli zimeenea katika maziwa na pwani ya Afrika Mashariki, iliinunua mwaka 2024 kampuni ya Kijerumani ya Torqeedo inayotengeneza mota hizo.

Uvuvi wa usiku na jua la mchana

Namna ndagaa wanavyovuliwa Tanganyika inaafiki umeme kuliko uvuvi mwingine mwingi. Boti hutoka jua linapozama, huwasha taa kuwavuta samaki, hushusha na kuinua wavu, na kurejea mwaloni alfajiri. Mota hufanya kazi wakati wa kwenda na wa kurudi tu. Saa nyingi za usiku hupita chombo kikiwa kimetulia. Mchana kutwa betri iko nchi kavu, juani. Siku za mbalamwezi, taa zinapopoteza mvuto wake, boti nyingi hupumzika.

Wavuvi hawa pia si wageni wa betri. Karabai za mafuta ya taa zimekuwa zikiachwa hatua kwa hatua, nafasi yake ikichukuliwa na taa za LED zinazochajiwa kwa jua. Anayejua kuitunza betri ya taa amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Farasi watatu walio mmoja na kidogo

Ugumu unaanza dukani. Mota ya kilowati 1 hutangazwa kwa kawaida kuwa sawa na injini ya petroli ya nguvu za farasi 3. Kwa kipimo cha fizikia, kilowati 1 ni farasi 1.3 hivi. Watengenezaji hujitetea kwamba rafadha kubwa inayozunguka polepole husukuma maji kwa ufanisi zaidi, na katika mwendo mdogo hoja hiyo ina ukweli. Lakini mnunuzi asiyeuliza wati ngapi zinaingia na ngapi zinafika majini atajikuta amenunua farasi wa kwenye karatasi.

Kinachoamua zaidi ni kasi. Kwa boti inayokata maji bila kupanda juu yake, nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi: ukipunguza mwendo kwa nusu, unatumia karibu sehemu moja ya nane tu ya nguvu. Mtumbwi mwembamba wa mita 6 unaweza kwenda kilomita 6 hivi kwa saa kwa kilowati 1. Akivua umbali wa kilomita 5 kutoka ufukweni, mwenye chombo hicho atahitaji chini kidogo ya kilowati-saa 2 kwa kwenda na kurudi. Inafaa aongeze akiba ya karibu theluthi, kwa sababu pepo za kusini za kiangazi hazimsubiri mtu, na betri iliyokwisha gizani haijazwi kwa dumu la jirani. Betri ya kilowati-saa 2.5 ndiyo basi kiwango cha chini kinachoeleweka, na paneli za jua za wati 700 hadi 800 zingeijaza kwa siku moja yenye jua zuri.

Aina ya betri haipaswi kuamuliwa kwa bei pekee. Ile ya risasi, kama ya gari, ni nafuu, lakini huharibika upesi ikitumiwa chini ya nusu ya ujazo wake. Ili kupata kilowati-saa 2.5 za kutumika, mvuvi angebeba zaidi ya kilo 100. Ya lithiamu na fosfeti ya chuma ina uzito wa robo ya huo na huvumilia kuchajiwa zaidi ya mara 2,000. Ghali zaidi siku ya kununua, nafuu zaidi kwa kila usiku wa kazi.

Kwa vyombo vikubwa, hesabu hugeuka. Injini ya farasi 15 hutoa kilowati 11; kuiendesha kwa nguvu zote kwa saa moja kungetaka betri ya kilo 100 au zaidi, wakati lita moja tu ya petroli, isiyofika kilo moja, hubeba takriban kilowati-saa 9 za nishati, ingawa injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya hiyo kama joto. Anayevuta mitumbwi kadhaa kwenda mbali, au kuvusha abiria na mizigo, kwa sasa bado ni mtu wa petroli. Kumuuzia mota ndogo ni kumdanganya.

Nani anunue?

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, jibu limetafutwa kwa kukodisha. Shirika la WeTu lina vituo vya jua ambako wavuvi hukodi taa zilizojaa chaji, na kampuni ya Asobo imepeleka mota za umeme kwa utaratibu wa mvuvi kulipia matumizi badala ya kununua. Kigali nayo imezoea pikipiki za umeme ambazo dereva hubadilishia betri kituoni ndani ya dakika chache.

Nchini Burundi, takriban mtu 1 kati ya 10 ndiye aliyefikiwa na umeme, kwa hiyo kutegemea gridi kungeuweka mradi rehani. Upo umeme unaoongezeka: kituo cha jua cha Mubuga, Gitega, cha megawati 7.5, kilianza kazi 2021, na bwawa la Rusumo la megawati 80 linagawanywa na Burundi, Rwanda na Tanzania. Ila huo uko upande wa vilima. Mwalo unahitaji paneli zake wenyewe, tena zikiwa juu vya kutosha: kupanda kwa maji ya Tanganyika katika miaka ya karibuni kuliifurika Gatumba na kuwahamisha maelfu ya watu.

Limebaki suala la mkopo. Chini ya makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, uvuvi husimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Katika miezi hiyo mota hailipi deni lake. Betri inaweza kuwasha taa za nyumbani au kuchaji simu kwa malipo, lakini kipato hicho hakifikii cha ndagaa. Mkopeshaji anayedai marejesho ya kila mwezi bila kuangalia kalenda ya ziwa atazikusanya mota zake kabla ya Septemba.