Nyumba ya Mawe Haijielezi Peke Yake

Kumezuka namna mpya ya kusomesha historia, na yafaa tuitazame vyema kabla hatujaisifu wala kuilaumu. Mwanafunzi huvishwa miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili, na mara hujiona yumo ndani ya jengo la kale. Akiinua kichwa huona dari. Akigeuka huuona mlango aliouacha nyuma. Wataalamu wameipa jina la uhalisia pepe.

Pwani yetu haikusahauliwa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umekwisha kupima kwa miale ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani na majengo ya Lamu, na kuvihifadhi vipimo hivyo katika kompyuta. Kwa kazi kama hiyo, mtoto wa Mombasa aweza kusimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331, pasi na kupanda chombo. Hilo ni jambo la heri.

Wengi wetu tulisomeshwa historia ya majina ya masultani na tarehe za vita. Jengo husomesha mengine. Tuchukue nyumba ya mawe ya Lamu. Mbona vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba? Jawabu liko juu ya kichwa cha mwenye kuuliza: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya takriban mita 3. Mbona ukiingia kutoka dakani njia hupinda kabla ya kufika uani? Ni sitara hiyo, ili mpita njia asiwaone waliomo ndani. Hapo mtoto amekwisha kujifunza habari za mikoko, kazi ya fundi na adabu ya dini yake.

Lakini liko linalotutia wasiwasi. Leza hupima ukuta; haijui ukuta huo ulikuwa wa kazi gani. Nyuma kabisa ya nyumba hiyo kuna chumba kidogo kiitwacho nyumba kati. Miwani itaonyesha chumba kitupu chenye kiza, na mtoto atapita zake. Bibi aliyelelewa katika nyumba kama hiyo atamwambia kwamba humo ndimo wanawake walimojifungulia, na humo ndimo maiti walimooshewa. Nani atakayeyatia hayo katika mashine, ikiwa hakuna aliyekwenda kumwuliza bibi?

Wenye kuyajua mambo haya wanapungua, na wakiondoka hawaachi kipimo ukutani. Kwa hivyo rai yetu ni hii: kila panapopelekwa leza, na apelekwe pia mtu wa kuwasikiliza wazee na mafundi, na maneno yao yasikike humo ndani ya miwani kwa sauti zao wenyewe na kwa lahaja yao.

Shule nazo zisitosheke na picha. Mtoto wa Lamu, ambaye nyumba hizo ziko hatua chache kutoka darasani mwake, apelekwe akaziguse kuta kwa mkono. Na fedha za kununulia miwani zisiwe sababu ya kukosa za kuezekea nyumba inayovuja. Wazee walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.