Mgongo wazi si taka, ni lishe

Msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wale wanaouona mgongo wazi kuwa chakula cha walalahoi. Dhana hiyo inatugharimu afya.

Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa humo wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala na karibu kuwamaliza fulu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha wakazi wa ufuoni. Viwanda vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, nasi tukaachiwa kichwa na mifupa.

Hata hivyo, minofu hiyo ni chini ya nusu ya uzito wa samaki. Kichwani na mifupani husalia nyama yenye protini na mafuta yanayofaa moyo na ubongo. Mifupa yenyewe ina kalsiamu na fosforasi. Ikichemshwa, ikakaushwa na kusagwa ikawa laini kabisa, hutoa unga unaoweza kutiwa katika uji wa mtoto. Jambo hili si dogo, kwani uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Wapo wasemao dawa ni kumvua mbuta zaidi kwa kuwa ni mvamizi. Hao wasahau kwamba naye amepungua, na nyavu za matundu madogo humnasa kabla hajazaa. Unga wa mifupa huongeza chakula bila kuongeza hata wavu mmoja ziwani.

Kikwazo ni usafi. Katika mtaa wa Obunga, Kisumu, akina mama wamekaanga mgongo wazi kwa miaka mingi ili kulisha familia zao. Wasilaumiwe kwa nzi na vumbi ikiwa hawana maji safi. Serikali za kaunti zilizo kando ya ziwa ziwajengee vichanja vya kuanikia vilivyofunikwa kwa wavu, pamoja na mashine za kusagia, na wakaguzi wapime unga huo kabla haujauzwa. Viwanda navyo viihifadhi mifupa kwenye barafu, na viwauzie watu kabla ya watengenezaji wa chakula cha mifugo.

Nawe, ununuapo mgongo wazi, ukatae wenye harufu mbaya au uliokaangwa kwa mafuta yaliyogeuka meusi. Uchemshe vizuri, na umchambulie mtoto mifupa yote. Tusiwalishe kuku kile ambacho watoto wetu wanakihitaji.