Mwanamke wa Ilagala Si Adui wa Ziwa



Kuna maneno yanayosemwa kwa wepesi sana kwenye vikao vyetu: maskini ndiye anayeharibu mazingira. Anakata miti, anamaliza samaki, elimu hana. Husemwa huku sinia za biriani zimebaki nusu, na chupa za maji zimefunguliwa, zikanywewa mafunda mawili, zikaachwa. Maneno hayo ni dhulma, na Ilagala inatosha kuwa ushahidi.

Ilagala iko mkoa wa Kigoma, kusini ya Ujiji, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Si watu wa mbali nasi. Njia ya misafara ya zamani iliiunganisha Ujiji na pwani yetu, na Kiswahili na Uislamu vilifika huko kwa njia hiyo hiyo. Huko ziwani wanaume huvua dagaa kwa taa usiku wa giza. Kukipambazuka kazi ni ya wanawake: kununua, kuanika, kugeuza, kufunga magunia, kuuza. Wengine huchemsha matunda ya michikichi wakakamua mawese. Daftari za watoto, sare na dawa hutoka hapo.

Ziwa hilo limechoka. Sehemu ya lawama ni ya huko huko, sikatai: nyavu za matundu madogo zinazozoa samaki wachanga, na milima iliyokatwa miti mpaka mvua ikateremsha udongo kwenye mazalio ya samaki. Ndiyo maana nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulilinda, Dar es Salaam, mwaka 2003. Ndiyo maana pia uvuvi ulisitishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kulipumzisha ziwa ni jambo la haki.

Lakini nani analipia mapumziko hayo? Mwenye chombo anaweza kukivuta ufukweni akasubiri. Muanika dagaa ambaye mtaji wake wote ni gunia moja atakula nini? Atakula mtaji. Ziwa likifunguliwa, hana cha kuanzia. Halafu tunamshangaa akiingia msituni kukata kuni za kuuza!

Na iko sehemu ya lawama isiyotajwa kabisa. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Rutuba inayolisha viumbe vidogo wanaoliwa na dagaa imelala chini, na upepo wa kusi ndio unaoipandisha juu. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakakaa kama kifuniko cha sufuria, na rutuba ikabaki chini. Dagaa hupungua hata kama nyavu ni halali. Joto hilo hakulileta mama anayeanika dagaa mchangani. Marekani mtu mmoja kwa wastani hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtanzania hafikii hata nusu tani. Nchi zote nne za ziwa hilo zimo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo.

Sisi wa visiwani tunalijua hili kuliko wengi. Mama zetu wa Paje na Jambiani walipoona mwani wenye bei nzuri unaoza kwa sababu ya joto la maji, nani kati yetu alithubutu kuwaambia kwamba wao ndio walioipasha moto bahari? Basi la Paje tusilisema, tusilisemee Ilagala.

Haki ni nini, basi? Ziwa likifungwa, wanawake wanaoishi kwa dagaa wawekewe mtaji usio na riba, na wakae kwenye kamati za ufukwe zinazopanga lini lifungwe. Wapewe vichanja vya kuanikia, ili dagaa wachache wauzwe kwa bei njema badala ya kuoza mchangani siku za mvua. Na nchi tajiri zilipe deni lao. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022; fedha zake zifike vijijini, tena ziwe za kutoa, si za kukopesha. Anayekuchomea nyumba hakukopeshi bati.

Nawe bi harusi, zamu yako ipo. Tangu chuoni tumefundishwa kutofanya israfu hata ya maji ya udhu, tujapokuwa kando ya mto. Pika kwa idadi ya wageni, si kwa hofu ya maneno ya watu. Mwambie mpishi atumie gesi badala ya mkaa. Weka jagi na bilauri, uache katoni za chupa. Kinachobaki kifungwe kiende kwa majirani kabla hakijachacha. Sunna ya walima ni kulisha watu, si kujaza majaa.

Tukishafanya hivyo ndipo tutakuwa na uso wa kuzungumzia mazingira mbele ya mwanamke wa Ilagala. Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika karamu zetu na katika ndimi zetu. Amin.