Kulala Ng'ambo ya Mji



Mwezi uliopita nilimpeleka mama Dar es Salaam kupasuliwa mtoto wa jicho. Tulitoka Morogoro kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kazi mwaka 2024, na safari haikutupa taabu. Taabu ilikuwa malazi.

Kwa kutaka kuwa karibu na hospitali, nilichukua vyumba viwili katika nyumba ya wageni katikati ya mji. Kijana wa mapokezi alinihakikishia ya kuwa mahali pale pametulia. Kumbe ukuta wa nyuma ni wa baa! Muziki ulilia hata saa tisa za usiku, na ulipokoma zikaanza honi za magari. Mama hakufumba jicho. Asubuhi daktari akampima presha, akaona 190 kwa 110.

"Mama, leo hatuwezi. Nenda ukapumzike, urudi keshokutwa."

Mama akalia. Alitaka turudi nyumbani siku ile ile, maana moyoni alikwisha kuliaga jicho lake. Nami nilijua ya kuwa tukikosa keshokutwa, tutangoja miezi.

Ndipo mwenzangu mmoja, niliyesoma naye chuo cha ualimu, akanishauri tuvuke Kigamboni. Tukapanda pantoni pale Magogoni. Mama hajapata kupanda chombo cha majini, akanishika mkono wa shati mpaka ng'ambo. Kutoka hapo tukachukua bajaji.

Nyumba yenyewe ina vyumba sita tu, na kila kimoja kimepambwa kwa namna yake. Chetu kilikuwa na mapazia ya kanga na vyandarua visivyo na tundu. Uani pana mkungu mkubwa na kiti cha kamba chini yake. Baada ya saa tatu usiku husikii ila bahari. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alimwamkia mama shikamoo, akamletea uji, kisha akaketi naye wakazungumza habari za wajukuu. Siku mbili zile mama alilala kama mtoto. Sikufichi, msomaji, bei ilizidi ile ya mjini. Ndiyo maana nikachukua chumba kimoja chenye vitanda viwili.

Lakini nawe ukienda huko, hesabu njia. Asubuhi watu hufurika kivukoni, na pantoni haimngoji mgonjwa. Sisi tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukapita Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016, mpaka Kurasini. Tena usiamini neno la mapokezi kama mimi. Izunguke nyumba kwa miguu kabla ya kulipa, utazame kuna nini nyuma ya ukuta, uulize jenereta limewekwa wapi.

Presha siku ile ilikuwa 146 kwa 84. Mama akapasuliwa, tukarudi kulala Kigamboni, na kesho yake akafunguliwa bandeji hospitali. Tulipokwenda kuchukua mizigo yetu tukavuka tena kwa pantoni. Safari hii hakunishika shati. Alisimama ukingoni akitazama meli bandarini, kisha akaniuliza kama maji yale yalikuwa mapana hivyo siku ile ya kwanza.