Lugha Mkono Mmoja, Kazi Mkono wa Pili

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za Mbulu na Hanang hugeuka kuwa mabaraza. Baba hulitazama zizi, mama huhesabu magunia ya mahindi au mafungu ya vitunguu saumu, na wajomba huitwa kutoka Dongobesh na Katesh waje kutoa shauri. Kijana huulizwa swali moja tu: utakwenda Chuo Kikuu kusoma nini? Akijibu udaktari, wazee hutikisa kichwa kwa furaha. Akijibu uhandisi, hubarikiwa. Lakini akisema kwamba moyo wake umependa lugha ya Kihispania, baraza hunyamaza kimya, na mwishowe mzee mmoja huuliza: “Mwanangu, na lugha hiyo utailimia nini?”

Sisi twaona kwamba swali la mzee huyo ni la haki kabisa, na halifai kuchekwa. Ng'ombe watakaouzwa ni wake. Mkopo wa Serikali utakaochukuliwa ni deni, na deni hulipwa. Lakini twaona pia kwamba jibu la swali hilo si kumkataza kijana asisome lugha. Jibu ni kumtaka aisome lugha hiyo pamoja na kazi.

Kwanza tuondoe dharau. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, na wanaokisema tangu utotoni wanakaribia watu milioni 500. Ni mojawapo ya lugha sita za Umoja wa Mataifa. Wala si lugha ya ng'ambo tu, kwani ndugu zetu wa Guinea ya Ikweta hukitumia katika shughuli za Serikali yao, na Umoja wa Afrika umekiweka miongoni mwa lugha zake, pamoja na Kiswahili chetu kilichokubaliwa kuwa lugha ya kazi mwaka 1922 + 100, yaani juzi tu, 2022. Anayejifunza Kihispania hafanyi mchezo. Anafungua mlango mkubwa.

Lakini mlango si nyumba. Anayefungua mlango hana budi kuwa na jambo la kwenda kufanya ndani.

Tutoe mfano ulio karibu. Huko Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Kuba. Mtu aliyesoma mashairi na riwaya za Kihispania peke yake, akipewa maelezo ya dawa kama hiyo, atayasoma kwa matamshi mazuri sana, lakini hataweza kumweleza fundi maana yake. Na mtaalamu wa viumbe asiyejua Kihispania atakaa akingoja tafsiri. Wote wawili wamesoma, wote wawili wana shahada, na kazi imesimama. Kinachokosekana hapo ni mtu mmoja mwenye vyote viwili.

Historia ya Afrika Mashariki na Kati inatupa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1965, Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kwenda mashariki ya Kongo, alipewa kijana wa Kikongo mwenye umri wa miaka 16, jina lake Freddy Ilanga, amfundishe Kiswahili na awe mkalimani wake. Kazi hiyo ilidumu miezi saba hivi. Wakuba walipoondoka Kongo mwishoni mwa mwaka ule, kazi ya ukalimani nayo ikaisha. Lau kijana yule angalikuwa na ulimi tu, habari zake zingalikoma pale. Lakini alipelekwa Kuba, akajifunza Kihispania, kisha akaingia katika masomo ya udaktari, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu kwa watoto. Lugha ilimfikisha kwenye chuo. Taaluma ndiyo iliyompa kazi ya maisha.

Vijana wa Mbulu na Hanang wana sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili, kwa maana wao hawazaliwi na lugha moja. Katika nchi inayouzunguka mji wa Haydom hukutana Kiiraqw chenye asili ya Kikushi, Kidatoga cha Waniloti, Kihadzabe chenye sauti za vidoko, na Kinyiramba cha Wabantu. Mtoto wa hapo huongeza Kiswahili shuleni, na Kiingereza baadaye. Afikapo Chuo Kikuu, amekwisha kuzoea kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine kama mchungaji ahamavyo malisho. Kumwambia mtoto huyo kwamba lugha ya nne au ya tano itamshinda ni kumwonea bure.

Tena wenyeji wa huko wameona kwa macho yao maana ya kuunganisha lugha na kazi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Daktari aliyetoka Ulaya hakuweza kuponya kwa Kinorwei. Ilimlazimu ajifunze Kiswahili, na hata hivyo alihitaji muuguzi wa kumuuliza mama wa Kidatoga maumivu yameanza lini. Muuguzi huyo, mwenye sindano mkononi na lugha mbili tatu kinywani, ndiye aliyekuwa daraja. Asingalikuwa muuguzi, lugha zake zingalimfaa sokoni tu. Asingalikuwa na lugha, uuguzi wake ungalikuwa wa kubahatisha.

Na upande wa pili wa jambo hili wameuona katika mashamba ya ngano ya Hanang. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa Basotu, Setchet, Mulbadaw na kwingineko, hata yakafikia eneo la ekari zipatazo 100,000. Wataalamu waliijua mbegu, mashine na udongo. Lakini Wabarabaig walikuwa na elimu yao ya malisho, yenye majina ya kila aina ya ardhi na majira ya kuitumia, na elimu hiyo haikusikilizwa. Ardhi iliyoonekana tupu machoni pa mgeni ilikuwa na wenyewe, ambao mifugo yao ilikuwa imehamia kwingine kwa majira. Ugomvi ukazuka, na shauri la kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika la NAFCO likafika hadi Mahakama ya Rufani. Hatusemi kwamba mkalimani mmoja angaliuzuia mgogoro ule, maana ardhi ni jambo zito. Twasema kwamba utaalamu usiosikia lugha ya watu hutembea gizani, kama vile lugha isiyo na utaalamu inavyokaa bure.

Wapo watakaotujibu kwa methali: mshika mbili, moja humponyoka. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu anayekimbilia vitu viwili vilivyo mbalimbali. Lakini mkulima hushika jembe moja kwa mikono miwili, na hakuna kinachomponyoka. Lugha na kazi si majembe mawili. Ni mikono miwili juu ya mpini mmoja.

Wala wazo hili si geni katika nchi yetu. Chuo Kikuu chetu kilipoanza Oktoba 1961, kilianza katika jengo la TANU jijini Dar es Salaam, na wanafunzi wake wa kwanza walisoma sheria, yaani taaluma ya kazi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alieleza katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isimtenge kijana na kazi za jamii yake. Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini swali lililouzaa bado liko hai: msomi ataifanyia nini jamii iliyomsomesha?

Basi, twatoa shauri letu kwa pande tatu.

Kwa kijana: usingoje shahada ndipo utafute kazi ya kuifanya. Chagua mapema taaluma itakayotembea na Kihispania chako, iwe ualimu, uhasibu, sheria, uuguzi, biashara ya mazao au uongozaji wa watalii. Likizo ndefu itumie katika ofisi, hospitali au karakana. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hauhitaji mtu wa kusema “karibu” kwa Kihispania tu. Unahitaji mwongozaji anayejua njia, mimea, huduma ya kwanza na historia ya wenyeji, kisha aweze kuyaeleza hayo kwa mgeni wa Madrid au wa Buenos Aires. Na usisahau Kiswahili. Dunia inakitafuta, na atakayeweza kumfundisha Mhispania Kiswahili sanifu ana kazi mikononi.

Kwa vyuo: mwanafunzi wa lugha asifungiwe katika sarufi na fasihi tu. Apewe nafasi ya kuchukua somo la pili lenye kazi ndani yake, na muda wa mafunzo kazini utakaohesabiwa katika shahada yake. Walimu wa sekondari husomeshwa hivyo tangu zamani, kwani hujifunza somo pamoja na ufundishaji wake. Linalowezekana kwa mwalimu halishindikani kwa wengine.

Kwa wazazi na wafanyakazi: msimvunje moyo kijana, wala msimwachie aende bila mpango. Mfanyakazi aliye ofisini amkaribishe mwanafunzi wakati wa likizo, amwonyeshe kazi inavyofanywa. Mzazi auze ng'ombe akijua hesabu yake, na kijana aitoe hesabu hiyo barazani bila haya.

Mzee aliuliza: lugha hiyo utailimia nini? Twataka siku ifike ambapo kila kijana wa Mbulu na Hanang, kabla hajafunga sanduku lake, aweze kumjibu babu yake kwa sentensi moja: “Hiki ndicho Kihispania changu, na hii ndiyo kazi nitakayoifanya kwacho.” Akiweza kujibu hivyo, baraza na limpe baraka.