Mwalimu wa Muziki Naye Apewe Ijaza

Katika vyuo vyetu vya Kurani hakuna anayekabidhiwa wanafunzi kwa sababu ana sauti nzuri tu. Husomeshwa, husikilizwa herufi kwa herufi, na shekhe wake aridhikapo ndipo humpa ijaza. Hatulinganishi Kitabu kitukufu na muziki, hasha. Twakumbusha tu kwamba visiwa hivi vinajua tangu zamani kuwa kulijua jambo si sawa na kuaminiwa kulifundisha.

Uaminifu huo ndio unaokosekana katika somo la muziki maskulini. Mara nyingi mwalimu wa hesabu au jiografia huitwa wiki chache kabla ya sherehe akaongoze kwaya. Hufanya kwa moyo, wala hastahili lawama. Lakini sherehe zikimalizika, na somo humalizika.

Hali hii haituelekei sisi ambao Nadi Ikhwan Safaa yetu ilianza mwaka 1905, na ambao Siti binti Saad wetu alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo za Kiswahili. Ustadi upo. Ila wenye ustadi wengi waliupata kwa sikio, klabuni, ubavuni mwa wakubwa wao, na cheti cha ualimu hawana. Mwenye cheti hajui kupiga udi. Mpiga udi hana ruhusa ya kusimama darasani. Baina ya wawili hao, anayekosa ni mtoto. Bi Kidude alituacha mwaka 2013, na kila fundi mkongwe anapoondoka huondoka na somo zima.

Wapo wazazi wenye hofu kwamba muziki utawaharibu vijana. Hofu yao tunaiheshimu. Lakini mtoto wa leo husikia muziki kutwa, redioni na katika simu, bila ya mwalimu wala mchujo. Mwalimu mwenye leseni ana muhtasari wa kufuata, ana mkaguzi juu yake, na mzazi anajua pa kumshitakia. Leseni, basi, si kufungua mlango ovyo. Ni kuuwekea bawabu.

Njia si ngeni. Bara, Chuo cha Ualimu Butimba kimejulikana kwa kuwaandaa walimu wa muziki, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo kipo tangu mwaka 1981. Hapa Unguja tunacho Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofundisha taarabu na ngoma za asili, na tunacho Chuo Kikuu cha Taifa chenye mafunzo ya ualimu. Vikae meza moja na Wizara. Mwanafunzi wa ualimu ajifunze kusoma nota, ala moja barabara, na namna ya kuilea sauti ya mtoto. Kisha afanye mazoezi darasani mbele ya mkaguzi. Na fundi wa klabu apimwe kwa vitendo, apewe mafunzo mafupi ya ualimu, naye apate leseni na mshahara wa ngazi inayomstahili.

Somo hili haliombi piano katika kila skuli. Sauti za watoto zipo, na ngoma mafundi wetu huziwamba wenyewe. Linaloombwa kwa wakubwa wa Serikali ni uamuzi, na uamuzi huo ufanyike wakati mafundi wangali hai.